Masikio yanakataa hereni, je mdomo utakubali waya? Aleji ya nikeli na safari ya kupanga meno

Kuna swali wadada wanauliza sana kabla ya kufunga waya za meno, na wamama wenye watoto wa miaka 12 au 13 wanauliza zaidi: mimi masikio yangu yanakataa hereni, nikivaa za dukani siku mbili tu panawasha, panavimba, panatoa maji, sasa nikijazwa vyuma mdomo mzima miaka miwili si nitaumbuka? Jibu fupi ni hapana, uwezekano mkubwa hutapata hata muwasho. Jibu refu lina mambo mengi ndani yake na watu wanayachanganya sana, wengine wanaogopa wanaacha kabisa kufunga, wengine wanafunga bila kusema chochote alafu mwezi wa tatu mdomo ukianza kuwaka wanaenda kwa fundi yeyote wanakatisha waya, meno yameshaanza kutembea, mapengo ya meno yaliyong'olewa bado yako wazi, na hela imeshaliwa. Hao wa mwisho ndo wananiuma, kwa sababu mara nyingi kilichotakiwa kubadilishwa ni kipande kimoja tu cha waya, mpango wenyewe ulikuwa hauna shida.

Tuanze na mshukiwa mwenyewe, nikeli. Hii ni metali nyeupe ngumu, bei yake siyo mbaya, inang'aa na haishiki kutu kirahisi, ndo maana iko kila mahali: hereni za bei chee, vifungo vya jinzi, chuma cha mkanda, zipu, saa, miwani, cheni. Hata dhahabu ya karati ndogo na ile dhahabu nyeupe inaweza kuwa na nikeli ndani, kwaiyo yule anayesema "mimi navaa dhahabu tu" na bado anawashwa siyo muongo. Nikeli ikikaa tuli ndani ya chuma haina neno na mtu. Shida inaanza ikilowa jasho, chumvi ya jasho inaing'oa kidogo kidogo, inatoka chembe zenye chaji ambazo ni ndogo mno zinapenya ngozi, na kwa joto la Dar au Mombasa jasho halikosi.

Zikishapenya zinajishika na protini za mwili, na hapo seli za kinga zinaona kitu kigeni. Mara ya kwanza hutaona chochote, mwili unajifunza tu, unaandaa seli T za kuikumbuka nikeli, na hii inaweza kuchukua wiki au miaka ya kuvaa. Baadaye ukigusa tena hizo seli zinaamka, zinaita wenzake, ngozi inavimba na kuwasha. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba nikeli ina tabia ya ziada, inakibonyeza kabisa kipokeo kimoja cha kinga cha binadamu, yani inapiga kengele ya hatari yenyewe, ndo maana inasumbua watu wengi kuliko metali nyingine. Na ukishakuwa na aleji hii basi, haitibiki ikaisha, unaishi nayo kwa kukwepa.

Kitu cha kushika hapa ni muda. Aleji hii ni ya kuchelewa, inajitokeza saa 24 mpaka 72 baada ya kugusa, siyo dakika tano. Wale waliowahi kuchorwa piko harusini wakaamka siku ya pili au ya tatu na malengelenge yanayofuata mchoro wanajua ninachosema, pale kosa ni la rangi ya nywele na siyo nikeli, ila njia inayopita mwilini ni hiyo hiyo moja. Sasa kwa sababu inachelewa watu wanakamata mtu asiye na hatia, umebadilishiwa waya Jumatatu, Alhamisi midomo inachubuka, unalaumu pilipili uliyokula Jumatano usiku. Na ndo maana piritoni haisaidii sana, ile inazuia histamini ambayo ndo mhusika kwenye aleji za papo hapo, hapa mhusika mkuu ni seli T, utalala usingizi mzuri tu na upele utaamka nao.

Kwanini wadada zaidi? Siyo damu wala homoni, ni matundu ya masikio. Huko Ulaya na Marekani ambako wamepima sana, wanawake wenye aleji ya nikeli wanakuwa kama mmoja kati ya kumi, kuna sehemu wanazidi hapo, wanaume ni wachache mno. Denmark walivyoona hivyo wakaweka sheria ya nikeli mwanzoni mwa miaka ya 1990, alafu Umoja wa Ulaya ukapitisha ya kwake mwaka 1994, kwamba kitu kinachokaa kwenye ngozi muda mrefu kisitoe nikeli zaidi ya mikrogramu 0.5 kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki, na kizazi cha mabinti waliotoboa masikio baada ya hapo kikawa na aleji kidogo kuliko dada zao. Huku kwetu hereni ya Kariakoo haiji na karatasi ya kusema inatoa nikeli kiasi gani, na mtoto wa kike anatobolewa akiwa mchanga kabisa, kwaiyo tusishangae.

Sasa mdomo. Watu wanadhani mdomo ni laini kuliko ngozi kwa hiyo utaumia zaidi, ila ni kinyume. Mate yanasafisha muda wote, yanaizimua nikeli na kuimeza kabla haijakaa sehemu moja, alafu ngozi ya ndani ya mdomo ina seli chache za kupeleka taarifa kwa kinga ukilinganisha na ngozi ya nje, na damu inapita nyingi inaondoa kitu haraka. Makadirio ya wataalamu ni kwamba inahitajika nikeli mara 5 mpaka 12 zaidi kuamsha aleji mdomoni kuliko inayohitajika kwenye ngozi. Ndo maana mtu mwenye masikio yanayokataa kila hereni anafungwa waya na anamaliza matibabu bila kuona kitu. Makadirio yanayorudiwa sana kwenye vitabu vya fani hii ni kwamba wanaopata shida ya kweli ya nikeli kutokana na waya za meno ni kama mtu 1 au 2 kwa kila 1,000. Wapo, tusiwapuuze, ila ni wachache kuliko kelele zinavyosikika.

Hapa lazima tuingie kidogo kwenye vyuma vyenyewe, maana neno "waya za meno" linaficha vitu vingi tofauti. Kuna braketi, vile vibati vidogo vinavyogundishwa kwenye kila jino. Kuna pete za magego. Kuna waya mrefu unaopita katikati ya braketi zote, huo ndo unaosukuma meno. Na kuna vile viraba vya rangi au vijiwaya vyembamba vya kufungia waya usitoke. Braketi nyingi na pete ni stenlesi, chuma kilekile cha jamii ya sufuria na vijiko, kikiwa na kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8 hivi, aina nyingine inapanda mpaka 10 au 14. Ukisikia hiyo unaogopa, ila kwenye stenlesi nikeli imefungwa vizuri ndani ya chuma na juu yake kuna utando mwembamba wa kromiamu unaojirudishia wenyewe ukikwaruzwa. Kinatoa kidogo sana.

Waya wa mwanzo ni habari nyingine. Huo unaitwa nitinoli, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni nikeli, iliyobaki ni titaniamu. Uligunduliwa na William Buehler kwenye maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani, jina lenyewe limeunganishwa na nikeli, titaniamu na herufi za hiyo maabara, alafu George Andreasen wa Chuo Kikuu cha Iowa akauleta kwenye meno mwanzoni mwa miaka ya 1970. Unapendwa kwa sababu unakumbuka umbo lake, unaukunja unavyotaka kuufuata mdomo uliopinda, wenyewe unajivuta polepole kurudi kwenye tao lake na meno yanafuata, kwa nguvu ndogo na ya muda mrefu. Miezi ya mwanzo ya matibabu karibu kila mtu anawekewa huo, baadaye meno yakishanyooka kidogo anahamishiwa stenlesi ngumu kwa kazi ya kufunga mapengo. Kwaiyo kama nikeli itakusumbua, miezi ya mwanzo ndo ya kuiangalia, na wakati wowote unapobadilishiwa waya mpya wa aina hiyo, kwa sababu waya mpya unatoa zaidi siku zake za kwanza alafu unatulia.

Na hapa ndo pana kosa la gharama ambalo linafanyika sana. Mtu anasema ana aleji ya chuma, anaambiwa basi lipia braketi za kauri, zile nyeupe zinazofanana na jino, analipa hela ya ziada, anaondoka na amani. Kumbe waya unaopita kwenye hizo kauri ni ule ule wa nitinoli, nusu nikeli! Umebadilisha sehemu yenye nikeli kidogo iliyofungwa vizuri, umeacha yenye nikeli nyingi. Kauri ni nzuri kwa muonekano, na inasaidia kweli kama waya nao umebadilishwa, ila peke yake kwa habari ya aleji ni nusu kazi. Kaulize waya, siyo braketi tu.

Kiasi kinachotoka je? Kuna jaribio la maabara la mwaka 1983 lililorudiwa kutajwa miaka yote, waliweka vyuma vya mdomo mzima kwenye maji ya chumvi wakapata kama mikrogramu 40 za nikeli kwa siku. Chakula cha kawaida kinakuingizia 200 mpaka 300 kwa siku, na ukiwa mpenzi wa korosho, karanga, maharage, dengu, kakao, unazidi hapo. Yani waya hazikutilii sumu mwilini, hilo liondoe kichwani. Aleji haijali sana kiasi cha jumla, inajali nikeli imegusa wapi na kwa muda gani.

Kuna jambo moja zuri la kushangaza. Finland walichunguza wanafunzi, matokeo yakatoka mwaka 1996, wasichana waliofungwa waya za meno kabla ya kutoboa masikio hakuna hata mmoja aliyekutwa na aleji ya nikeli, na waliotoboa kwanza ndo waya zikafuata karibu theluthi walikuwa nayo. Maelezo ni kwamba kinga ikikutana na kitu kwanza kupitia mdomo na tumbo inakizoea kama inavyozoea chakula, ikikutana nacho kwanza kupitia kidonda cha sikio inakichukia. Kwetu haina matumizi makubwa, nani atasubiri binti afike miaka 12 ndo atobolewe masikio, bibi yake atakubali? Ila inaonyesha waya zenyewe siyo zinazoleta aleji kwa watu wengi, zinaikuta tayari ipo.

Sasa tuje kwenye kutofautisha, maana vitu vingi vinavaa sura ya aleji.

Wiki ya kwanza kila mtu ana vidonda. Shavu linasuguana na braketi, linatoboka, kidonda kinakaa sehemu moja inayolingana kabisa na kibati fulani, ukiweka nta pale kinapona. Hiyo siyo aleji. Fizi kuvimba baada ya miezi kadhaa, zinatoka damu ukipiga mswaki, zimevimba zaidi pale chakula kinapokwama, hiyo mara nyingi ni uchafu, na samahani kusema hivyo lakini ndo ukweli, ukisafisha vizuri wiki mbili tatu zinashuka. Pembe za mdomo kuchanika inaweza kuwa fangasi au upungufu wa damu, siyo lazima chuma. Muwasho mdomoni unaoanza ulipobadilisha dawa ya mswaki, hasa zenye mdalasini au minti kali, au lipstiki mpya, mshukiwe huyo kwanza.

Aleji ya nikeli inakuja na sura yake. Mdomo unawaka kama umeungua wakati hakuna kidonda cha kuonekana, ndani panakuwa pekundu eneo pana na siyo kinundu kimoja, midomo ya nje inakauka na kuchubuka kila siku hata ukipaka mafuta, upele unazunguka mdomo au unashuka kidevuni na shingoni, fizi zinavimba na kusafisha hakuzishushi. Na kuna dalili moja mimi naiamini kuliko zote, lile tundu la sikio la zamani, au pale tumboni kifungo cha jinzi kilipokuwa kinakuwasha, panaamka ghafla wakati huvai hereni wala jinzi. Ngozi inakumbuka. Ukiona hivyo siku chache baada ya waya mpya, usipoteze muda na pilipili.

Kuna nyingine ambayo haifanani na hii na haitaki subira: mpira wa lateksi. Upo kwenye glovu za baadhi ya kliniki na kwenye viraba vya kuvuta taya ya juu na ya chini. Aleji yake inaweza kuja ndani ya dakika, midomo inavimba, macho yanawasha, kifua kinabana. Hapo siyo suala la kubadilisha waya, hapo ni hospitali saa hiyo hiyo. Kama puto au kondomu au glovu zinakuwasha mwambie daktari kabla hajakugusa, glovu za nitraili zipo na viraba visivyo na lateksi vipo, hivyo vya mwisho vinalegea haraka kidogo kwaiyo unavibadilisha mara nyingi zaidi kwa siku.

Kupima. Kipimo chenyewe ni cha plasta mgongoni, kilianzishwa na daktari wa ngozi Josef Jadassohn mwaka 1895 na mpaka leo hakijapata mrithi. Unabandikwa vidoti vya vitu mbalimbali, cha nikeli ni chumvi ya nikeli iliyochanganywa na vaselini, asilimia 5 Ulaya, 2.5 Marekani ya Kaskazini, vinakaa saa 48, vinatolewa, panasomwa, alafu panasomwa tena siku moja mbili mbele kwa sababu majibu yanachelewa. Mgongo usiloe siku zote hizo, na kwa joto letu ni mtihani. Anasoma daktari wa ngozi, siyo wa meno. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa kwenye picha za vitabu hauonekani, msomaji mzuri anapapasa kwa kidole anatafuta pamevimba, pamekuwa pagumu, pana vipele, rangi inaweza kuwa ya zambarau au nyeusi zaidi tu. Na kitu ambacho watu hawasemi kwa aibu: kama mgongo wako unapakwa krimu zenye steroidi, hizi za klobetasoli zinazouzwa kama mafuta ya kung'arisha, kipimo kinaweza kutoka safi wakati aleji unayo. Sema ukweli pale ndani, hakuna atakayekuimba.

Alafu jibu likitoka kwamba una aleji, halimaanishi mdomo utakataa waya. Linamaanisha ngozi ya mgongo imekataa. Hizo ni habari mbili, na nimeona kliniki zinazokataa kabisa kumfunga mtu kwa karatasi hiyo moja, naona ni uoga wa bure. Wala huhitaji kipimo kama hujawahi kuwashwa na hereni wala mkanda, historia yako inatosha. Ukitaka kujua hereni yako ina nikeli inayotoka kuna matone ya kemikali, unatia kwenye pamba, unasugua, pamba ikiwa ya pinki jibu unalo.

Kwaiyo siku ya kwanza ya kuonana na daktari wa kupanga meno unasema nini? Sema hereni zinakukataa, sema mkanda, sema saa, sema kama umeshawahi kuvaa kipini cha pua ikawa kesi. Uliza waya wa mwanzo atakaoweka ni wa nini. Daktari anayejua kazi yake hatashangaa, atakupa moja ya njia hizi. Anaweza kuanza na kawaida na kukuangalia kwa karibu, na kwa wengi inatosha. Anaweza kuruka nitinoli akatumia stenlesi nyembamba iliyosokotwa, au waya wa titaniamu aina ya beta ambao Charles Burstone aliuleta kwenye fani hii, ndani yake kuna titaniamu, molibdeni, zirkoni na bati, nikeli hamna kabisa. Wenye historia mbaya sana braketi pia zinabadilishwa, za titaniamu tupu au za kauri. Nitinoli iliyopakwa plastiki juu ipo, kwa miezi ya mwanzo inasaidia, ila ule mpako unakwanguka kwenye braketi na chakula, usiutegemee mwaka mzima.

Njia hizi zina bei yake, siyo ya hela tu. Waya wa titaniamu beta unasuguana zaidi na braketi, meno yanateleza polepole. Stenlesi haina ule uvumilivu wa kukunjwa, daktari anaukunja kwa mkono na utaenda kliniki mara nyingi zaidi. Kauri inavunjika na ikigusana na jino la juu yake inalisaga. Zile trei za plastiki angavu zinazovalika hazina chuma, kwa kesi nyepesi na za kati ni jibu zuri sana, lakini zinadai kuvaliwa saa 20 mpaka 22 kwa siku na mtoto wa sekondari anazisahau kwenye kitambaa cha chakula cha mchana zinaenda na takataka. Mimi ningemwambia mzazi asikimbilie trei kwa ajili ya aleji peke yake, aangalie kwanza tabia ya mtoto.

Haya, umeshafungwa, mwezi wa pili mdomo unawaka. Fanya nini? Usikate waya. Usimpelekee mtu wa mtaani mwenye koleo. Piga simu kliniki, piga picha ya midomo na upele kila siku karibu na dirisha kwenye mwanga wa asili, andika tarehe uliyobadilishiwa waya na kitu chochote kipya ulichoanza kutumia. Usijipake steroidi usoni bila kuandikiwa, itaficha ushahidi na ngozi ya uso inachakaa nayo. Kliniki kinachofanyika kwa kawaida ni rahisi kuliko unavyoogopa: wanatoa waya mrefu, wanaacha braketi. Wiki moja au mbili. Dalili zikishuka, mhusika ni waya, anawekwa wa aina nyingine na safari inaendelea. Zisiposhuka wanaangalia braketi, pete za magego hasa zile zilizochomelewa maana kwenye maungio chuma kinaliwa zaidi, wanaangalia fangasi, wanaangalia dawa ya mswaki.

Wiki mbili bila waya hazikuharibii kitu. Miezi ndo inaharibu. Jino linatembea kwa sababu mfupa upande mmoja unaliwa na upande mwingine unajengwa, kama milimita moja kwa mwezi ukiwa na bahati, na nyuzinyuzi zinazolishika jino kwenye fizi zimevutika kama zinataka kurudi nyumbani. Ukiachia katikati zinarudi kweli. Mbaya zaidi ni waliong'olewa meno ya kupisha nafasi, pengo likiachwa meno ya jirani yanalala upande, na kuyanyanyua baadaye ni matibabu mapya kwa bei mpya. Matibabu ya kawaida ni miezi 18 mpaka 24, kila miadi inayorukwa inasogeza tarehe ya mwisho. Kama umehama mji au unataka kubadilisha kliniki baada ya aleji, omba faili lako, picha za eksirei, na majina ya waya zilizotumika, daktari mpya akianza kwa kubahatisha mtazunguka.

Na ukiwa unajijua una aleji kuna vitu vidogo vya nyumbani vinavyoongeza nikeli kutoka. Soda na vinywaji vya kuongeza nguvu, asidi inakula ule utando wa juu wa chuma. Chakula kilichokwama, bakteria nao wanatengeneza asidi pale pale. Jeli za floridi zenye asidi zinashambulia waya wenye titaniamu, dawa ya mswaki ya kawaida yenye floridi haina shida endelea nayo, jeli kali ndo umuulize daktari. Kwa watu wa Arusha, Meru, Hai au huko Nakuru wenye meno ya rangi ya maji ya floridi, gundi haishiki vizuri kwenye jino la aina hiyo, braketi zitadondoka mara nyingi zaidi, mwambie daktari aliandae jino tofauti, na ikidondoka usiigundishe na gundi ya dukani, jamani. Vile vya fasheni vinavyouzwa mtandaoni vya kujibandika mwenyewe, sina la kusema zaidi ya kwamba hakuna anayejua ni chuma gani.

Mwisho wa matibabu watu wanasahau kitu. Braketi zikitolewa unabaki na riteina, kifaa cha kuyashika meno yasirudi yalikotoka, na mara nyingi ni waya mwembamba wa stenlesi uliogundishwa nyuma ya meno ya mbele, unakaa humo miaka. Kama waya wa nitinoli ulikusumbua uliza mapema kabisa riteina itakuwa ya nini, ipo ya nyuzi za kioo, ipo ya waya uliopakwa dhahabu, ipo ya plastiki angavu ya kuvaa usiku. Ile ya akriliki ya kuvaa na kuvua, yenye kipande cha waya mbele, huwa na chuma pia, na wachache wanawashwa na akriliki yenyewe ikiwa haijaiva vizuri maabara, ukiivaa siku mbili kaakaa likawa jekundu umbo lile lile la plastiki irudishe waiivishe tena au wakutengenezee nyingine. Ila usikae bila riteina ukisubiri, meno yanaanza kurudi ndani ya wiki chache tu.